Saa ya Jikoni

Ilikufa Jumanne, saa nne usiku,
katikati ya taarifa ya habari.
Neno la mtangazaji lilikatika
kama uzi mdomoni mwa mshonaji,
ikabaki harufu: plastiki, na kitu kama nywele.
Elizbar akasema gizani, "Hiyo ndiyo inveta,"
kama anayemtambua mtu kwa nyayo zake.

Barabara ya Abano imefungwa tangu Oktoba.
Huku juu Tusheti tumebaki watu watano, ng'ombe wawili,
na mbwa wasiokubali kuhesabiwa.

Asubuhi jua likaipiga theluji,
theluji ikalirusha kwenye paneli,
mshale wa betri ukalala kulia: zimejaa pomoni.
Umeme upo. Hautoki.
Kisima kimefurika, kata imetoboka.

Nikapanda kilimani kuutafuta mtandao,
nikampigia Goderdzi, mtoto wa kaka yangu,
fundi huko Alvani, bondeni.
"Shangazi, zima paneli kwanza. Halafu chomoa betri.
Halafu keti unywe chai.
Kapasita haifi siku moja na mwenye nyumba."
Nikanywa chai. Nikanywa na ya pili,
maana sikuwa na haraka ya kufuatana nayo.

Skrubu kumi na mbili.
Nilizipanga kwenye kisahani cha siagi
kama zilivyotoka, kama meno ya mtoto.
Kifuniko kikanyanyuka, na humo ndani,
kati ya waya mwekundu na mweusi,

panya.

Mdogo, amekakamaa,
mguu mmoja huku, mmoja kule.
Alitafuta joto. Nani hapa hakulitafuta?
Transista nne zilikuwa zimepasuka matumbo,
ubao umeungua hadi kwenye maandishi yake.
Nikapanda tena kilimani, nikatuma picha.
Goderdzi akajibu neno moja: "Pole."
Hakusema pole ya nani.

Elizbar ndiye aliyeikumbuka ile ya zamani,
boksi la chuma tulilolipata kwa kondoo dume mmoja,
limelala stooni chini ya magunia ya sufu.
Akalipuliza vumbi. Tukakaza nati kwa spana ya trekta.
Nilimsomea rangi kwa sauti,
nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi,
kwa sababu macho yake siku hizi
huona kila kitu kahawia.

Cheche moja. Kisha mlio.
Inveta tuliyoipoteza ilikuwa ikiguna
kama mtu anayewaza;
hii ni nyuki ndani ya kopo.
Taa ikawaka. Redio ikawaka, ikakoroma.
Mashine ya kufua ilikataa katakata.

Siku ya tatu ndipo nilipoitazama saa ya jikoni,
ile ya tarakimu za kijani.
Kumbe haijui wakati,
inahesabu tu mapigo ya umeme,
na umeme wa boksi hili una meno,
na saa inayahesabu mengine mara mbili.
Kwa kila saa tatu zetu, yenyewe hupita nne.
Elizbar akanyoosha mkono aichomoe.
Nikamwambia: iache.

Nimetundika kalenda ya pili kando yake.
Inveta mpya itakuja na helikopta
siku rubani atakapoona anga imempa ruhusa;
Goderdzi amekwisha kuilipia, hataki nimrudishie.
Ya zamani inaunguruma. Saa inakimbia.
Nje, leo, ni Februari kumi na tisa,
na theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha.

Elizbar huingia kutoka zizini, ndevu zimeganda,
akasimama mlangoni pa jikoni:
"Humu ndani ni lini?"
"Machi. Tarehe mbili."
"Barabara?"
"Bado kidogo."
Naye huvua koti,
akalitundika mbali na moto,
kama mtu ambaye hatalihitaji tena.