Mchota Chumvi na Taarifa ya Saa Moja

Msinifundishe. Mwaka wa kumi na tisa huu
nakwangua chumvi mabwawani Gongoni,
visigino vimenipasuka mpaka vinaingia shilingi.
Habari ikitiwa chumvi mimi najua
ni ya kiganja au ni ya toroli.

Leo alfajiri redio ya Nyevu,
ile iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
imetangaza: wataalamu wameona maji mwezini.
Wameona.
Si wanadhani, si huenda,
na msomaji sauti yake imelainika
kama mtu aliyekwishayanywa.

Changawa, nyuma yangu kwenye foleni ya mitungi,
akatema mate: uongo, hata huko mwezini hawajafika.
Nyevu akaruka: kweli tupu, redio ya taifa idanganye?
Mimi nikasukuma mtungi wangu hatua moja mbele.
Mnanichosha nyote wawili.

Wewe Changawa, hayo umeambiwa na simu.
Simu ile ile iliyokwambia kitunguu saumu kinaponya sukari,
mamako akaacha sindano wiki tatu,
tukambeba kwa mkokoteni usiku hadi zahanati.
Ile hukuitilia shaka. Ile uliisambaza.
Hiyo yako si shaka, ni uvivu
uliovishwa kofia ya shaka.

Nawe Nyevu, sauti ikiwa nzuri kwako ni ushahidi.
Ulitoa mia nne ukanunua kibandiko
cha kuzuia mionzi ya mnara,
na simu yako bado inachemka mfukoni
kama yai.

Baba yangu alipaka rangi miguu ya lile jukwaa
lililo baharini kule Ngomeni,
Waitaliano walikorushia roketi zao.
Siku moja aliiona ikiondoka.
Watu wakamzunguka: eeh, ikafika wapi?
Akasema: ilipanda, nikahesabu hadi arobaini,
ikawa punje, kisha sikuiona.
Basi? Basi.
Macho yangu yaliishia hapo, waulizeni wenye mitambo.
Wakamwona hana hadithi.
Mwenzake, aliyekuwa amelala siku hiyo,
alisimulia malaika wakipisha njia,
na huyo ndiye aliyenunuliwa chai mwaka mzima.

Mimi nataka msomaji wa taarifa mwenye macho ya baba.
Aniambie: tumeona hadi hapa.
Aniambie ni maji ya ndoo au ni ukungu wa kioo,
nani aliyapima, na nani mwingine alipima
akakuta kitu kingine.
Hata akisema hatujui, sitazima redio.
Nitaisogeza karibu.

Kwa maana kazi yangu imenifunza jambo moja:
bwawa likijaa, kila mtu anaona maji,
yanang'aa, watalii wanashuka kuyapiga picha.
Hayo si mali. Tunayaacha juani.
Siku ya kumi na kitu jua limekunywa lake,
na kilichobaki chini, kigumu, kinachouma kidonda,
hicho ndicho tunachopima kwenye mizani.
Habari nayo ianikwe.
Nyingi, wallahi, zitaacha sakafu nyeupe
isiyotosha kukolea mchuzi.

Wala msinitie kinywani maneno yenu,
eti mwezi wa nini na sisi tuna kiu.
Aliyeona maji huko juu sina ugomvi naye.
Yeye ameangalia mbali, na kuangalia mbali ni kazi.
Ugomvi wangu ni na mwenye ofisi,
maana kuliona bomba hili likikauka tangu Jumatano
hakuhitaji darubini.
Kunahitaji baiskeli.
Na hilo halikusomwa, si saa moja, si saa nne.

Mtungi wangu ulijaa nusu, maji yakakata.
Changawa akanishika mkono:
haya, mwerevu, ni kweli au si kweli?
Nikamwambia: nimesikia hadi "wameona".
Hapo betri za Nyevu zikaisha.