Pakiti, Shilingi Kumi

Ilikuwa ni sabuni, pakiti, shilingi kumi,
Akakwangua kwa pini, namba akanipa mimi
Nitume kwenye laini, huku nauma ulimi
Nisicheke. Hatuchumi, sisi ni wa kuchumiwa.

Jumatano alasiri simu ikalia kando,
Binti mwenye uhodari wa maneno ya upendo:
"Hongera, mama, tayari mashine yashika mwendo."
Akapiga cha kishindo kigelegele, na njiwa

Dirishani wakaruka hadi paa la jirani.
Lori kubwa likafika Guraya, kichochoroni,
Fulana wakatuvika zenye nembo kifuani,
Picha moja mlangoni, mashine yakumbatiwa.

Lori likarudi nyuma, tukabaki na sanduku,
Mlangoni likagoma, halendi kule si huku,
Seremala akapima, akang'oa ile siku
Miimo yote, na huku elfu tatu zadaiwa.

Akaja fundi Kazungu wa umeme, kachungua,
Akasema, "Ndugu yangu, nyaya hizi zaungua,
Ni za enzi ya Mzungu, redio tu zaijua.
Za mita kumi nunua, nene, na soketi sawa."

Ulibaki mfereji, ambao tangu Shabani
Hautoi hata maji ila upepo wa ndani,
Na mashine ni mlaji wa ndoo tano, jamani!
Karai hutaka nini? Ndoo moja na kufuwa.

Kisima kipo uani, ila maji ni makali,
Chumvi, na kijitabuni wamesema ni muhali,
Chuma kitaoza ndani, dhamana iwe batili.
Kilisomwa mara mbili, na miwani kuvaliwa.

Tukalinunua tangi kwa fedha za kile chama,
Likadai na msingi wa saruji na wa chuma,
Pampu na mabomba mengi, na Shee wa kuyafuma,
Na Mutisya kila juma, mitungi ya kuletewa.

Bi Zulekha, mwenye nyumba, kapita kama mgeni,
Akalitazama bomba na tangi la ukutani,
Kwa sauti ya kuomba akasema, "Kwa hisani,
Kodi, kuanzia Juni, lazima kuongezewa."

Mashemeji wa Likoni wakaja na mafurushi
Na mazulia pomoni, yanukayo vumbi, moshi,
Wakaketi ukumbini, wakanusa na mapishi;
Wali wa nazi wa jeshi siku hiyo ukaliwa.

Povu likapita njia, likafika kwa Bi Nuru,
Jikoni likaingia, mbaazi likazidhuru.
Tukalipa sufuria, na makaa, na ushuru
Wa maneno; na kunguru nao wakakaribiwa.

Usiku nikaandika hesabu, nyuma ya kadi
Ya hongera. Ikafika laki moja, ikazidi.
Na mashine, kwa hakika, dukani kwa Muhamedi,
Kwa thuluthi ya idadi huuzwa na kubebewa.

Nikainuka niseme, Mwanasha nimlaumu,
Tuiuze, tuihame, madeni tuyahujumu.
Taa kazima; umeme, mashine ndiyo muhimu.
Yuko chini, tabasamu, mapajani mwana Hawa,

Kile kioo duara wakitazama, sinema:
Kanzu yangu ikichora mawimbi, kisha kuzama,
Leso ikazuka mara, jina lake nikisoma,
"Wenye wivu watakoma", herufi zapinduliwa.

"Miaka kumi na mbili nimeinama," kanena,
"Leo nimekaa kweli, nazo zafuliwa, bwana.
Usinambie ya mali, tutagombana mchana."
Nikaketi pale, sina neno; deni lingekuwa

Palepale asubuhi, likingoja, lisitoke.
Nikatazama wajihi wa Mwanasha, nisichoke.
Mara tu, hata siwahi kushika mikono yake,
Mita ikapiga teke: tokeni tumeishiwa.

Giza. Hawa kauliza kama imekwisha, baba.
Mlango umejikaza, nguo ndani zimeshiba.
Mwanasha akasogeza mia mbili za akiba:
"Kanunue. Hata haba zatosha kusuuziwa."