Kilo Moja ya Sukari

Upinde ulikuja umefungwa kanga kama mgonjwa,
mgongoni kwa Mwadzaya, juu ya pikipiki,
toka Kaloleni hadi hapa Mikindani.
Niliutundika kwenye mizani ya ndoano ya Bi Rukia muuza makaa,
nikavuta: kilo thelathini na tano.
Bi Rukia akaniuliza nimegombana na nani.

Mishale yangu ilikuwa podoni, myembamba, mizuri,
ya upinde wa utotoni.
Nikapachika mmoja, nikavuta hadi shavuni.
Ugwe ukapiga, twaf!
na mshale, badala ya kwenda, ukacheza:
ukajipinda ubavuni mwa upinde kama nyoka aliyekanyagwa,
ukaenda kulia, ukaingia karakana ya Fundi Tsuma,
ukatoboa kopo la vanishi.

"Upinde hauna kosa," alisema, akifuta sakafu.
"Umemtwika mtoto gunia la hamali."

Tukaanza upya.
Mkone mkavu, nyuzi zake zimenyooka,
randa, msasa, tena msasa,
mpaka vumbi likatuzeesha nyusi.
Misumari miwili ukutani, shubiri tatu kati yake.
Wano juu; katikati, kwa uzi,
pakiti ya sukari, kilo moja.
Na rula ya mwanangu, ile iliyovunjika kwenye saba.

Wano la kwanza lilibonyea milimita kumi na tisa.
"Hili la mishikaki."
La pili kumi na tatu. Tsuma akakuna kidevu.
Tukaacha unene zaidi, kama wa ukucha,
tukakata urefu vidole viwili,
tukapunguza kigumba,
maana kichwa kizito hulegeza shingo.

La tatu: milimita nne tu.
Nikashangilia mapema.
Lilikuwa kavu kama mdaiwa mbele ya mdai;
lilikataa kuupisha upinde, likaugonga ubavu,
likaenda kushoto, kwa kina Mbeyu,
likakata kamba ya nguo, na shuka zikalala matopeni.
Nilizifua mimi.

Nikifua nikafikiri: ugumu si kutopinda.
Ni kupinda kiasi cha kupisha,
kisha kukumbuka njia kabla ya kufika.

La nne: tisa.
Manyoya ya bata mzinga kutoka Kongowea,
gundi, uzi wa nta, usiku mzima wa kukauka
(na hewa ya hapa, mnajua, haikaushi kitu kwa hiari).
Alfajiri, uwanja wa shule mtupu,
gunia la makumbi, hatua arobaini.

Sikuuona ukienda.
Nilisikia tu gunia: du,
kama mtu aliyeitika jina lake.

Tsuma alikwenda kuuchomoa, ukamshinda, akaagiza koleo.
Mimi nikarudi nyumbani, sukari kwapani,
pakiti imetoboka pembeni palipokaa uzi,
ikidondoka punje kwa punje,
na kabla sijafika mlangoni
chungu walikwisha kupata habari.