Bajeti ya Theluji

Nyuma ya kalenda ya mwaka jana, ile ya SACCOS,
nimeandika kwa kalamu nyekundu: THELUJI.
Nikapiga mstari chini yake mara mbili,
kama mwalimu anayetaka darasa linyamaze.

Ndekirwa anacheka. Yeye theluji anaijua.
Miaka kumi na mmoja amebeba mahema ya wageni
hadi pale hewa inapokuwa adimu kama chenji,
ameilalia, ameiyeyusha akapikia chai,
ameitukana kwa Kichaga.
Kuichezea, hapana.
"Kilo ishirini mgongoni," anasema, "hazina mchezo."

Mimi nimezaliwa Rau, nimekulia Rau.
Asubuhi mawingu yakikubali naiona kule juu,
jirani mweupe asiyewahi kusema karibu.
Basi nikasema twende kwingine.
Kuna nchi ndogo huko kusini, imekaa juu ya milima,
Julai kwao ni baridi ya kweli, watu wanateleza
kwa mbao mbili miguuni, au kwa ubao mmoja.
Ndege niliiulizia. Nikakata simu kwa adabu.
Basi, je? Tunduma, Lusaka, Johanesbagi,
halafu kipanya cha kupandia milima.
Siku nne za kukalia makalio yale yale.

Kulala: kitanda cha ghorofa, chumba cha watu wanane.
Kula: unga wetu, sukari yetu,
dagaa wa kukaanga kwenye kopo la maziwa.
Mbao za kutelezea ni za kukodi, kwa saa.
Yeye anataka ubao mmoja, mimi nataka mbao mbili,
tumenuniana tangu magharibi hadi taarifa ya habari,
kisha tukaona bei.
Ubao mmoja, wa wote wawili.
Tutaanguka kwa zamu.

Nguo tumeshapata. Memorial, Jumamosi,
belo likiwa ndiyo kwanza linakatwa kamba:
suruali nene ya bluu, elfu tisa,
zipu nzima, goti limechubuka kidogo
mahali ambapo mtu nisiyemjua alijifunza.
"Hii ya bodaboda dada, haipitishi upepo," akasema muuzaji.
Sikumsahihisha. Akanipunguzia buku.

Masika tulifanya mazoezi kwa mama mkwe, Kibosho.
Tulikata gogo la mgomba, tukalikalia,
tukashuka na tope lote la kihamba
mpaka kwenye mibuni.
Mama mkwe alisimama mlangoni na ungo wake.
"Wenzenu wanazaa watoto," alisema,
"nyinyi mmeamua kuwa watoto wenyewe."
Ndekirwa aliendelea kutoa majani kwenye nywele.
Usiku ule hatukupiga hesabu yoyote.

Juni ikaja na ada ya Elinami, chuo, awamu ya pili.
Nilifuta mstari wa basi kwa kifutio cha penseli;
kalamu nyekundu haifutiki,
karatasi ikatoboka pale penye Lusaka.
Zimepungua laki nne na kumi na mbili elfu.
Julai hii haiwezekani. Nimeandika: Julai ile.

Lakini binamu yangu Aikande anafunga maua Usa River,
shamba lenye chumba cha baridi
ambamo mawaridi husubiri ndege ya Ulaya.
Jumapili alitufungulia. "Dakika kumi, na msiguse kitu."
Tuliingia na suruali zetu za Memorial,
kati ya maboksi, kwenye mwanga wa buluu.
Pumzi zetu zikaanza kuonekana.
Pua yangu ikafa. Nikapiga mayowe ya furaha
hadi Aikande akagonga mlango.

Ndekirwa alikuwa amesimama tu,
mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi.
Akapapasa bega, pale kamba huwa inapita.
"Kumbe," akasema,
akaruka mara moja, kama mtu anayejaribu sakafu,
akaruka tena.