Sailensa

Tuliing'oa injini ya Opel ya Guram
siku mbili baada ya arobaini yake.
Mjane wake, Tsisana, alitushikia taa,
hakusema neno ila moja: "Msiikwaruze."
Kana kwamba bado ingeuma.

Sasa imo ndani ya Niva ya Badri,
kijijini, juu ya Zestaponi, mwezi wa Januari,
theluji imeula uzio nusu.
Iliingia kwa kubembelezwa na kwa tindo.
Maunting tulichomelea upya,
waya tukaunga mmoja mmoja, rangi kwa rangi,
na pale rangi zilipokataa kuelewana
tukaamua kwa bahati na tepu nyeusi.

Ikawaka. Mara ya kwanza kabisa, ikawaka.
Badri akavua kofia.

Kisha sailensa ikakataa kukaa.
Mshale wapanda elfu mbili, washuka mia tano,
wapanda tena, kama mtu aliyekumbuka jambo,
akainuka, akafika mlangoni, akalisahau.
Vuuu. Kuhema. Vuuu.
Boneti ikatetemeka. Kuku wakahamia kwa jirani.

Tulisugua throtoli ikang'aa kama kijiko cha wageni.
Tukabadilisha plagi. Tukabadilisha sensa,
tukarudisha ile kuukuu, maana mpya ilikuwa mbovu zaidi.
Tukachomoa betri usiku kucha ili kompyuta isahau.
"Isahau nini?" akauliza Tsisana,
aliyetuletea mkate wa maharage, wa moto, ndani ya taulo.
"Ilikotoka," nikasema. "Gari la kwanza. Uzito wake."
Akanitazama.
Mkate ule niliutafuna muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Asubuhi ikawaka, ikapanda, ikashuka.
Badri akatukana kwa Kirusi,
lugha aliyoiweka akiba kwa ajili ya vyuma.
Mimi nikasema kosa ni la kompyuta.
Yeye akasema kosa ni langu.

Ni Tsisana aliyesema: "Inaiba hewa mahali."
Guram, alisema, angekuwa ameshainama zamani,
kipande cha mpira sikioni, macho kafumba,
akipekua mlio ule mwembamba.
Akatoa mfukoni mshumaa wa kanisani,
wa nta, mwembamba kama bua la ngano.
"Kuna petroli hapa!" Badri akaruka.
Alikwenda kuuwashia jikoni, akauzima mlangoni,
akarudi na utambi unaotoa uzi wa moshi,
akaupitisha uzi ule juu ya mipira, taratibu,
kama anayemtafutia mtoto chawa.

Moshi ulipanda wima. Wima. Wima.
Nyuma ya manifoldi, chini kabisa,
pale mkono hufika na jicho halifiki,
ukapinda. Ukaingia.

Chuchu ya shaba, upana wa penseli.
Kwenye Opel ilikuwa na mpira wake,
ikilisha kitu ambacho Niva haina
wala haijawahi kukihitaji.
Sisi tulifunga kila kilichokuwa na mwenziwe.
Hicho kilikuja peke yake.
Siku tisa kilikuwa kinavuta hewa
isiyo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Tsisana akakiziba kwa kidole gumba.

Sailensa ikatua.
Mia nane na hamsini, mshale umetulia tuli.
Tukasikia theluji ikiporomoka kwenye bati,
tukasikia maji ya birika ndani ya nyumba.

Badri akapekua kopo la skrubu
akapata kizibo cha mpira na klemu ndogo.
"Haya, toa kidole."
"Ngoja," akasema.
Kilikuwa kinamvuta, alisema,
si kwa nguvu, ila hakiachi.
"Ngoja kidogo."

Tukangoja.
Petroli ikaungua bure, na Badri,
mtu wa kuhesabu hata njiti za kiberiti,
alisimama na kile kizibo kiganjani
akakipasha joto.