Chupa Tatu za Jamu

Barua za kodi nilizihifadhi kwenye oveni.
Usicheke. Sijaoka kitu tangu mama afariki,
na oveni isiyowaka ni kabati kama kabati jingine.
Humo mlikuwa na bili ya gesi, kadi ya daktari wa meno,
na bahasha moja yenye mwandiko wa kaka yangu, Visvaldis.

Mimi ni fundi wa akordioni mjini Liepāja,
pale tramu inapokata kona ikilalamika.
Majira yale ya baridi, akordioni kumi na moja zilinilalia sakafuni,
zimebana pumzi.
Kila asubuhi, kahawa ikichemka, niliziambia: kesho.
Kesho. Neno laini, halina mfupa,
unalimeza bila kutafuna.

Kumbe kuahirisha nako ni kazi, tena ya kutwa nzima:
kuizunguka meza bila kuigusa,
kupiga pasi vitambaa visivyo na kunyanzi,
kulala hoi, na mikono safi.

Mwezi wa tatu, Dārta wa ghorofa ya juu aligonga.
Miaka tisa, meno mawili hayapo, buti zinamwaga theluji mlangoni.
"Babu anaulizia akordioni yake.
Anataka kujua kama ataipiga mwenyewe au atapigiwa mazishini."
Nikaanza: ngozi ya vali haijafika, nta haishiki kwa baridi hii…
Hakunisikiliza. Alikuwa anahesabu.
"Zote hizi unazitengeneza kwa mpigo mmoja?"
Nikanyamaza.
Kichwani, ndiyo. Kila siku nilizitengeneza zote,
na kila siku sikugusa hata moja.

Akaomba chupa tupu. Ninazo nyingi, za jamu ya cheri.
Akapanga tatu dirishani, akabandika vikaratasi,
akaandika kwa penseli butu:
BAADAYE. LEO. TAYARI.
"Kwenye Leo vinaingia vitatu tu.
Cha nne kikitaka kuingia, kimoja kitoke."
Akachukua biskuti mbili, akaondoka bila kuaga.

Siku ya kwanza niliandika: Tengeneza akordioni ya babu yake Dārta.
Jioni karatasi ilikuwa palepale, inanikodolea macho.
Siku ya pili nikaikatakata:
Fungua skrubu. Ng'oa vali moja. Kunywa chai.
Ndiyo, hata chai niliiandika. Nilikuwa na njaa ya ushindi.
Na mkono ulipokwisha kushika nta
haukutaka kuiachia.
Usiku niliitikisa chupa ya Tayari,
ikanijibu kama majani makavu.

Kisha oveni. Toa barua moja, kila siku moja.
Faini ya kodi ilikuwa yuro thelathini na nane.
Usingizi nilioupoteza kwa ajili yake ulikuwa ghali zaidi.

Ikabaki ya Visvaldis.
Karatasi yake ilihama kutoka Leo kwenda Baadaye,
kutoka Baadaye kurudi Leo,
mpaka pembe zake zikalainika kama kitambaa.
Nayo nikaikata.
Chana bahasha. Hiyo peke yake, siku nzima.
Soma mstari wa kwanza.
Soma hadi mwisho, ukiwa umeketi.

Tarehe yake ilikuwa ya miaka miwili nyuma.
Nyumba ya mama siiuzi bila wewe, aliandika. Njoo tu uchague vyombo.

Chaji simu.
Piga.

Jumanne nikapiga. Simu iliita, ikaita, hakupokea.
Nilisimama dirishani na karatasi mkononi,
nisijue niitie chupa ipi.
Piga, ndivyo ilivyoandikwa. Haikuandikwa: apokee.
Nikaitia kwenye Tayari.

Halafu nikachana nyingine, nikaandika Piga tena,
nikaitia kwenye Leo.
Ilikuwa saa nne usiku.
Leo ilikuwa bado imebakiwa na saa mbili.