Inchi Mbili

Fundi Abonyo alipiga nyundo mara tatu,
sakafu ya gereji ikamegeka kama mkate mkavu.
Akapima kwa kidole: inchi mbili.
Marehemu alilipia nne.

Chini yake, udongo mweusi wa Nyamasaria,
ule unaovimba Aprili na kupasuka Januari.
Hakuna jiwe, hakuna moramu.
Miaka kumi na saba gari letu lilisimama juu ya uongo.

Aliyeimwaga ni shemeji yangu;
Jumapili hupita kunijulia hali.

Toroli arobaini za mawe. Wavu wa chuma.
Zege.
Siku saba nainywesha maji asubuhi na jioni
kama mgonjwa.

Kipande chenye doa la oili ya Pijo
nimekiegemeza ukutani, upande mwembamba mbele.
Shemeji amekiona.
Hajauliza.